Pipa Limegoma Tena

Jumanne, 4 Agosti 1992

Koki iko wazi tangu asubuhi. Tone. Tone. Halafu basi.

Pipa limejaa kimea cha mtama na maji moto. Ukionja juu kwa kidole ni tamu kabisa. Chini hakutoki kitu. Karoli alinitengenezea pipa hili kule gereji: bati la matundu chini, koki ya shaba ubavuni. Alisema litanipumzisha kazi ya kukamua kwa gunia. Limenipumzisha kweli. Nimekaa kwenye kigoda siku nzima natazama koki.

Nikakoroga. Ikawa mbaya zaidi. Karoli alipokuja kula mchana akaweka mdomo kwenye koki akapuliza. Mume wangu, fundi wa malori, mtu mwenye mvi, anapuliza pipa. Uji ukamrudia usoni. Ningekuwa na moyo ningecheka.

Jioni ukaanza kuchacha humohumo, haujachujwa. Umekwenda kwa mbuzi wa jirani.

Tarehe ishirini na mbili tunakwenda Kanombe, upande wa pili wa Kigali, kumwombea Fostini mchumba. Huku mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu. Anakwenda na pombe, na pombe ya mtama hupikwa na mama wa kijana. Mama wa kijana ni mimi.

Jumatano, 5 Agosti

Mama mkwe amekuja. Wote hapa tunamwita Mukecuru, yaani bibi kizee. Hakuuliza hali. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akachungulia, akanusa, akanigeukia.

"Mukono yako iko mubaya."

Kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa. Kana kwamba sielewi Kinyarwanda. Nimezaa kwa Kinyarwanda, nimezika kwa Kinyarwanda. Niliingia nyumba hii Fostini hajazaliwa, leo Fostini anaoa, na bado mimi ni yule mwanamke wa Ngara, wa ng'ambo ya mpaka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sawa. Lakini kamba hii imekaa mno.

Angeishia hapo ningemeza. Hakuishia hapo. Alipita bombani akawaambia wanawake wa foleni. Nilipokwenda na ndoo yangu wakanyamaza wote pamoja.

Na kuna la pili. Nikishindwa tena, pombe itapikwa na Venansia, mke wa shemeji yangu. Na Kanombe Venansia ndiye atakayekaa kiti cha mama. Kwa ukoo wao mwenye chungu ndiye mwenye kiti. Yaani mwanangu ataombewa mke na mama wa kuazima, na mimi nitakuwa nyuma huko na wabeba mizigo.

Ijumaa, 7 Agosti

Kimea cha pili kimekauka vizuri. Kina harufu ya kiazi kilichochomwa, na mizizi yake inakatika ukiisugua. Hakina kosa. Nimekiacha kwa Hamisi mwenye mashine, nitakichukua kesho. Nusu nyingine nimeiweka ndani kwenye kapu, sijaisaga. Sitaki kuweka mayai yote mahali pamoja.

Redio imesema mambo ya vita na mazungumzo. Karoli alisikiliza hadi mwisho. Mimi nilikuwa nawaza koki.

Jumanne, 11 Agosti

Limegoma tena.

Safari hii hata tone sikuliona. Nililiosha pipa kwa maji yanayochemka. Nilizibua kila tundu la bati kwa msumari. Nilifuata kila kitu. Nikafungua koki yote, ikakohoa kidogo, ikafa. Karoli hakupuliza. Alisimama mlangoni na kofia yake akasema, kwani lazima iwe ya mtama, si tununue kreti za bia tumalize?

Nilimtazama mpaka akavaa kofia akatoka.

Kreti. Ningetaka kreti ningemtuma mtu yeyote dukani. Kreti haina mama. Mkwe akifungua chupa hamjui aliyeipika, wala hana haja ya kumjua. Miaka yote nimepika kwa misiba yao na ubatizo wao, kwa kukamua na gunia hadi viganja vikachubuka, na wakanywa wakamaliza. Hakuna aliyesema habari ya mkono. Sasa limekuja pipa, na mkono umekuwa mbaya.

Fostini aliniambia, "Mama, usijali." Kwa sauti ile ya kumsemesha mgonjwa. Hiyo imeniuma kuliko ya bibi yake.

Jumatano, 12 Agosti

Sikuongea na mtu leo. Mukecuru alipita njiani akiimba wimbo wa kanisani. Aliimba kwa nguvu alipofika dirishani kwangu. Nina hakika.

Alhamisi, 13 Agosti

Sasa najua.

Nilikuwa nakwangua pipa. Machicha yalikuwa yameganda juu ya bati kama lipu ukutani. Nikayasugua kati ya vidole. Hakuna pumba. Hakuna chenga. Unga mtupu, laini kama poda ya mtoto. Nikakaa chini palepale. Tope haliwezi kuchuja maji. Hata mtoto anajua.

Nikatoka nje kupumua. Uani kwa Odeta, jirani yangu Mrundi, walikuwa wanakamua ndizi. Wanaziponda pamoja na majani makavu ya ishinge, yale majani magumu ya mlimani, na maji ya ndizi yanapita katikati ya majani yakiwa safi. Nimeyaona hayo mara ngapi? Leo ndiyo nimeyatazama. Kumbe majani yanashikilia uzito ili maji yapate njia. Mtama wangu hauna ganda la maana, ukiusaga unga unabaki bila njia yoyote.

Nikaenda kwa Hamisi nimebeba machicha kwenye bakuli. Akatabasamu, maskini. Yeye hanywi, hajawahi kuonja, kwake unga ni unga.

"Mama Fostini, ile yako nasaga mara mbili. Hata uji ya mtoto haiko laini vile."

Nikamwuliza nani alimwagiza kurudia.

"Mukecuru yenu. Alipita hapa mara ya kwanza, na ya pili akapita tena. Alisema iko ya wageni wakubwa, isitoke na makapi."

Mara zote mbili. Alikwenda mashineni mara zote mbili, kisha akaja kuchungulia pipa langu na kuniambia habari ya mkono.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kwangu mimi nguo yenyewe ndiyo inayonila.

Ijumaa, 14 Agosti

Nilikwenda kwake. Njiani nilipanga maneno yote kwa Kinyarwanda, nisije nikakosea neno moja akapata pa kuponea.

Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwambia yote. Mashine, Hamisi, mara mbili. Nilikuwa nangoja akane. Hakukana. Alisema ndiyo, alipita, na angepita tena. Zamani walisaga kwa jiwe, na pombe yao ilikuwa na makapi ya kutemea pembeni. Alitemewa hivyo siku ya harusi yake mwenyewe, na ndugu wa mumewe. Watu wa Kanombe ni watu wa ofisi za uwanja wa ndege. Mjukuu wake haendi kwao na makapi. Kwake unga laini ndiyo heshima.

Na pipa lilipogoma? Hapo akanitazama kwa mshangao wa kweli. Kusaga hakukumjia akilini kabisa. Aliona mkono wangu, basi.

Hilo ndilo linalonichoma. Ingekuwa hila ningemchukia nikalala vizuri. Si hila. Alitaka kijana asiaibike, kama mimi tu, na katika kutafuta kosa macho yake hayakwenda popote isipokuwa kwangu. Hayakuhitaji hata kutafuta.

Hakuomba radhi. Alisema Venansia ameshaloweka mtama. Nikamwambia pombe ya Venansia iwaoze watoto wa Venansia. Nikaondoka.

Karoli anasema ni mama yake, mtu mzima, nimvumilie. Nikamwambia na mimi ni mtu mzima. Nani ananivumilia mimi?

Jumamosi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Kanisani Mukecuru alikaa benchi la mbele, mimi la nyuma. Katika kutakiana amani alipeana mkono na watu wote waliomzunguka. Kwangu hakufika. Na mimi sikwenda.

Baada ya chakula Karoli alitoka bila kusema anakokwenda. Najua alikwenda kwa mama yake. Alikaa huko muda. Sijui waliambiana nini. Amerudi, akachukua mchanga na gunia, akalisugua pipa ndani na nje hadi likang'aa. Halafu akasema, "Itakwenda yako." Basi, hilo tu.

Lilinitosha kwa leo. Lakini alipaswa kulisema tangu tarehe tano.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimepanda Mlima Kigali kukata ishinge. Mikono imechanjwachanjwa. Nimeyaosha majani, nikayachemsha, nikayaanika. Kisha nikaenda kwa Hamisi na kile kimea cha kwenye kapu, nikasimama pale mashineni mpaka mwisho. Nikamwambia apasue tu, asisage. Kila punje ivunjike vipande, isiwe unga. Aliona aibu kunipa kitu kama kile. Alitaka kurudia. Nikaliweka kapu langu mbele ya mdomo wa mashine nikasema hairudiwi.

Akauliza, na Mukecuru akipita je? Nikamwambia bibi apite tu, yeye amsalimie, mashine aizime.

Jumatano, 19 Agosti

Limeshuka.

Niandike yote nisisahau. Ishinge chini, juu ya bati, nene kama godoro la mtoto, zikilazwa huku na huku. Maji moto kidogo kwanza, yafunike majani. Ndipo kimea, kwa bakuli, taratibu. Kukoroga ni mwanzoni tu, mabonge yaishe. Baada ya hapo mwiko usiguse tena. Blanketi juu, lisipoe, maana likipoa linakuwa gundi. Kuliacha mpaka linoge.

Na koki ifunguliwe kidogo sana. Hilo nimelijua leo, Karoli alipotaka kuifungua yote kwa furaha. Ukiifungua yote uzito wote unashuka kwa pupa, unajikandamiza chini na kujiziba wenyewe. Nilimpiga mkono. Uzi mwembamba tu. Maji ya kwanza yalitoka machafu, nikayarudisha juu polepole. Ya pili machafu kidogo. Kisha yakaja mekundu, safi, matamu, bila kukatika. Juu pakianza kukauka naongeza maji moto kwa kata. Halijasimama hata mara moja.

Sikuimba. Sikwenda bombani kumweleza mtu. Lakini nilikiacha kigoda nikasimama.

Nimechemsha, nimepoza, nimetia chachu. Sasa lina povu. Mkono mbaya.

Jumamosi, 22 Agosti

Nimechoka, lakini hili siwezi kuliacha mpaka kesho.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari walitushusha wote garini. Wakataka madumu yafunguliwe. Mmoja akaniamuru ninywe kwanza mbele yake. Nikanywa. Naye akanywa, akajaza tena, akampa mwenzake. Nilikuwa naona pombe ya mwanangu inaishia barabarani na siwezi kusema neno. Wakaangalia vitambulisho, changu wakakigeuza mara nyingi kwa sababu ya Ngara. Mwisho wakatuachia.

Kwa wakwe walitupokea vizuri. Nilipewa kiti cha mama. Venansia alikaa nyuma yangu, mwenyewe alionekana kama aliyetuliwa mzigo. Pombe ikaonjwa na upande wetu kwanza, inavyotakiwa, ili wajue haina sumu, kisha ikazunguka. Baba wa msichana ni mtu mkavu, hacheki. Alivuta mrija. Akavuta tena. Akauliza pombe hii imepikwa na nani, maana siku hizi mjini watu wanaleta uji.

Nikafungua mdomo. Mukecuru alikuwa ameshasimama.

Akasema ni ya kwetu. Akasema sisi kwetu kimea hakisagwi laini, kinapasuliwa tu, kama walivyofanya wazee, na kwamba yeye amewaambia hivyo wake za wanawe siku zote. Siku zote. Alisema hivyo mbele ya watu, mkono kifuani, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Nilitaka kufa kwa hasira. Nilimtazama Karoli, naye akawa anatazama viatu vyake, mabega yanamcheza kwa kicheko. Fostini naye hivyohivyo. Nikauma ulimi. Ningesema nini? Kwamba bibi wa bwana harusi ni mwongo? Ombi letu limeshakubaliwa. Nimebaki na hasira yangu mapajani kama mtoto wa mtu.

Jumapili, 23 Agosti

Wengine wamekwenda misa ya pili. Nimebaki kuosha vyombo.

Mukecuru amekuja peke yake. Akauliza kama imebaki. Imebaki kidogo, nikamwambia.

Akija kwangu kila mara husema ameshakunywa kwake, hana kiu. Tangu niolewe. Hata maji. Leo alivuta kigoda akakaa, akanyoosha mkono. Sikuelewa mara moja. Kisha nikajaza kikombe, nikaonja, nikampa.

Alikunywa taratibu mpaka mwisho. Hakusema habari ya jana, wala ya mashine. Nje kulikuwa kimya, watu wako kanisani.

Akasema iko nzito kidogo.

Nikamjazia tena.