Kikao cha Dharura Kuhusu Godoro la Virginia na Wangari

UMOJA WA WAKAAZI WA FLETI 204, AL TWAR, DUBAI
Ijumaa, 13 Novemba 2015, sebuleni, saa 3.40 asubuhi

WALIOHUDHURIA: Bi. Rukiya (Mwenyekiti), Virginia, Wangari, Lynette (Katibu)
HAKUHUDHURIA: Swafiya (yuko kazini; alituma maoni ambayo hakuna aliyeyaomba)

KUMB. NA. 1/11/2015: KUFUNGUA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba Virginia, anayetandika vitanda vya hoteli Al Rigga mchana, na Wangari, anayelinda ghala usiku, hutumia kitanda kimoja kwa zamu na hukutana Ijumaa tu. Leo wamekutana vibaya.

KUMB. NA. 2/11/2015: MGONGO WA VIRGINIA
Virginia alieleza kwamba godoro hili la mpira lilinunuliwa kwa sababu ya mgongo wake. Ndani ya mfuko wa zipu mna matabaka matatu: laini, la kati na gumu. Yeye hulalia ubavu, anataka laini juu; Wangari anataka gumu. Hata hivyo, kila siku Virginia anaamka kama aliyelalia ubao. Akikosa kwenda kazini mara moja tena, madam, msimamizi wake hotelini, amesema atamkatia tikiti ya kurudi Nakuru. Wangari, alipoulizwa, alikiri kwamba yeye analala vizuri sana. Jambo hilo halikusaidia.

KUMB. NA. 3/11/2015: UCHUNGUZI
Matabaka yalitandazwa sakafuni. Yote ni meupe. Vibandiko vyake vilibanduliwa na Katibu siku ya usafi, kwa nia njema. Maelezo hayo hayakupokelewa. Mwenyekiti alibonyeza moja akasema ni gumu, akalizunguka, akalibonyeza tena, akasema ni laini. Virginia alijilaza juu ya mojawapo ili alipime, akabaki hapo hapo.

Wahusika walieleza kwamba wao hawabonyezi. Hubadilisha tu, la juu chini, la chini juu. Virginia alisema kabla ya kutoka humbadilishia Wangari, akute gumu. Wangari akasema:

"Na mimi nakubadilishia wewe kabla sijatoka. Halafu nikirudi nabadilisha tena, nikidhani umeacha la kwako juu."

Virginia alisema naye hufanya hivyo hivyo. Ilichukua muda kikao kuelewa kwamba kila wema ulikuwa ukifutwa na mwenye kufanyiwa, na gumu likibaki juu siku zote. Katibu bado anapiga hesabu kwa vidole.

KUMB. NA. 4/11/2015: AZIMIO
Ilipendekezwa kila mtu ajipangie mwenyewe. Virginia na Wangari walipinga. Iliamuliwa anayeondoka ampangie anayerudi, na anayerudi asiguse kitu, khalas.

KUMB. NA. 5/11/2015: KUFUNGA
Mwenyekiti aliagiza matabaka yarudishwe mfukoni. Haikuwezekana. Virginia alikuwa amelala fofofo kwa ubavu, na Wangari alikataa aamshwe. Kwamba amelalia lipi, hakuna aliyejua. Kikao kilifungwa saa 4.25 kwa kunong'ona.

Rukiya, Mwenyekiti: ....................
Lynette, Katibu: ....................