Msasa wa Mzee Kimanzi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Daktari Bartholomew, bosi wangu, amenipa kazi: Jumamosi nizungumze na madaktari wenzetu wa meno kuhusu kugundua kansa ya kinywa mapema. Kidonda kisichopona wiki mbili kipimwe – hilo nalijua. Nikatafuta mfano kwenye mafaili. Laiti nisingetafuta! Mzee Kimanzi, mchongaji wa Wamunyu. Kidonda kando ya ulimi, meno ya bandia yanakwaruza. Julai: nimepunguza kidogo. Septemba: nimepunguza kidogo. Novemba: nimepunguza kidogo. Mwandiko wangu. Hakurudi tena, nami nikajiambia amepona.

Mara tatu nililaumu meno. Ulimi sikuuinua hata siku moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfuata Wamunyu. Nilimkuta karakanani akilainisha twiga wa mti. Alifurahi kuniona – hilo ndilo lililoniumiza. Anasema aliona haya kunisumbua, kwa hivyo meno yakibana huyapiga msasa mwenyewe.

"Hata haiumi siku hizi, daktari."

Nilitamani iume – kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa! Nikauinua ulimi. Ukingo mgumu, mweupe hapa, mwekundu pale. Nikamwambia wazi huenda ni kansa, na kwamba nafasi ya kwanza ya kukatwa kipande kipimwe ni Jumatatu. Akapuliza vumbi la mti. Kisha akauliza kama madaktari wengine wanajua kuangalia hivyo. Nikamwambia juu ya Jumamosi.

"Nitakuja. Wacha washike, ndio wajue."

Jumamosi, 8 Machi

Watu thelathini. Mzee alifungua kinywa, wakapita mmoja mmoja, kila mtu na glavu mpya, wakigusa ukingo ule. Justus, mwenzetu wa Mitaboni, akauliza ilikuwaje ikafika hapa. Kabla sijajibu, mzee akanitangulia.

"Ni mimi. Ilikuwa inanifinya, nikapiga msasa nyumbani."

Wakacheka kidogo, wakatikisa vichwa – wazee hawa! Kwenye slaidi zangu nilikuwa na picha ya zile tarehe tatu za faili. Nikairuka. Wakapiga makofi, wakaenda zao wakilaumu msasa. Mimi ni mwoga, basi.

Jumatano, 12 Machi

Kipande kilikatwa juzi. Majibu bado. Kila mgonjwa akifungua kinywa, naona ulimi wa mzee.

Leo amekuja Nzilani, binti yake, na yale meno yamefungwa kwenye leso. Jumapili ijayo mjukuu anabatizwa na mzee anataka kuyavaa. Ameagiza niyapunguze kidogo. Kama kawaida! Kisha binti akanitazama.

"Baba anasema alijiharibu mwenyewe. Ni ukweli?"

Nilisema naleta glavu. Niko stoo, kijitabu hiki kwenye goti. Faili la baba yake nimeliacha wazi mezani, nimeligeuza upande wake. Nilitaka liseme badala yangu.

Glavu ninazo mkononi tangu niingie. Mlango haukufungika vizuri – namsikia akigeuza ukurasa.