Upande Wetu wa Kushoto

Ndugu yangu Musyoka,

Huko uliko najua hakuna anayekusumbua na habari za mpira, kwa hivyo acha nikusumbue mimi.

Jumamosi tulicheza ile mechi yetu ya kila mwaka, sisi wazee wa timu ya chuo, kule kule mtoni. Ilikuwa ya kwanza tangu tukuzike kwenu kule Nuu. Kepteni alinipigia simu wiki nzima akiuliza kama nitakuja, nami nikamweleza habari za goti. Goti ni bovu kweli, lakini halikuwa sababu. Sikujua nitachezaje kushoto bila wewe nyuma yangu.

Unakumbuka tulivyofika mtoni? Prinsipo alilima uwanja wa chuo akapanda ndengu, na hata mvua ilipokatika mapema hakukubali zikanyagwe. Tukahamia kwenye mchanga wa mto mkavu. Miguu yetu ikawa chuma, tukajiona mabingwa kabla ya ligi kuanza.

Halafu mechi ya kwanza, kule Emali. Uwanja mgumu kama sahani, na sisi tumezoea kusukumana na mchanga. Kila mtu alikimbia akaupita mpira. Mimi, winga hodari, nilifika kwenye kona peke yangu nikageuka kuutafuta. Watu walicheka mpaka dereva wa lori akasimama kuuliza kuna nini. Wewe ndiye uliyeuokota mpira ule, ukaniletea tena bila haraka, ukasema neno lako la siku zote: "Niko nyuma."

Tulifungwa siku hiyo, na nyingi zilizofuata, hadi miguu ikajifunza adabu. Mechi ya mwisho tuliwafunga wale wale wa Emali bao moja. Nimelisimulia bao hilo hata kanisani, kama ushuhuda, na kila mara ulinyoosha mkono kuwakumbusha waumini kwamba mpira ulinigonga tu ukaingia.

Wewe nawe usijifanye malaika. Maombi yako kabla ya mechi yalikuwa marefu hadi refa akapuliza kipenga tukiwa tumefumba macho, Mungu bado anasomewa majina ya waliotoroka mazoezi.

Basi nilienda. Mkeo, Mama Mwende, alikuwa amefika na jezi yako namba tatu, ameifua na kuipiga pasi, akasema mtu aivae. Tulitazama viatu vyetu. Mwishowe kepteni akamwambia kwa upole, "Mama, leo tutacheza kumi." Naye akaikunja, akakaa nayo mapajani mechi nzima.

Nilikuwa sawa mpaka waliponibana pembeni, wawili, wenye vitambi vikubwa kuliko changu. Sikufikiria. Nikapiga pasi ya nyuma, kama kawaida.

Unajua mpira wa mchangani. Haubingiriki mbali. Ulienda kidogo ukasimama pale ulipokuwa ukisimama wewe. Hakuna aliyeufuata, hata wale waliokuwa wakinibana. Hakuna aliyenicheka pia, na hapo ndipo nilipojua kweli umeenda, kwa sababu timu ile haijawahi kukosa kunicheka.

Nikarudi kuuchukua mwenyewe. Ni hatua chache tu, Musyoka, lakini mchanga ulikuwa mzito. Nilipofika niliukanyaga mpira, nikasimama kidogo mahali pako, nikaangalia mbele. Kumbe huku nyuma mtu anaona kila kitu.

Pumzika, beki. Zamu hii niko nyuma mimi.

Winga wako wa kushoto