Lutuku ya Kumaliza Mtihani

Jumatano, 8 Mei
Mvua. Nguo hazikauki. Nimepika sombe, majani ya muhogo, na Nyota, mwenzangu wa chumba hapa Kasongo. Mtihani wa mwisho kesho. Siogopi. Amisi alipita na baiskeli, akaniachia ndizi, akaenda. Huyu kijana wa Kabambare ananipendeza mpaka najicheka peke yangu.

Ijumaa, 10 Mei
Tumemaliza! Kesho fête, sherehe yetu.

Jumapili, 12 Mei
Kichwa kinauma. Aibu.
Jana wavulana walileta lutuku, pombe kali ya kienyeji, wakaichanganya na soda. Tamu. Nilikunywa kama maji. Amisi vilevile. Tulicheza, kisha tukaenda chumbani kwake, jua bado liko juu. Nilitaka. Yeye alitaka. Lakini tuna sheria yetu tangu mwanzo: bila kapoti, yaani kondomu, hapana. Kapoti zilikuwa hapo mezani. Hatukuzigusa. Na mimi nasomea uuguzi!
Nimemwambia Nyota. Hakushangaa.
"Si wewe peke yako, Ester. Kila fête iko hivi. Kesho unaenda kwa muganga wa hospitali, hapana kungoja."

Jumatatu, 13 Mei
Kwa Amisi mlango umefungwa. Mwenye nyumba anasema amepanda moto, pikipiki ya abiria, alfajiri, ameenda kwao Kabambare. Hakuniaga. Simu haipatikani. Amekimbia. Nina hasira.
Nimeenda peke yangu. Mama muganga hakunigombeza. Amenipa kidonge cha kuzuia mimba, amenipima damu. Sina virusi vya UKIMWI, lakini ni mapema mno, nipime tena baada ya miezi mitatu.
"Na mwanaume, iko wapi? Kesho, siku ya tatu, ni mwisho wa kuanza dawa ya kukukinga na virusi. Akija tumupime, tutajua. Asipokuja, unaanza tu."


Jumanne, 14 Mei
Amerudi! Nilikuwa nafunga kamba za viatu niende kuanza dawa. Yeye tope mpaka kwenye nyusi. Mama yake aliteleza, mguu ukateguka, wakamwita. Simu ikazima njiani.
"Mimi sikukimbia, Ester."
Nilimwambia alichosema mama muganga.  Akasema hajawahi kupimwa maishani.
"Naogopa."
"Na mimi. Twende."
Tulienda na tope lake. Kungoja kulikuwa kurefu. Hana virusi. Nililia mbele ya wagonjwa wote, wala sikujali. Dawa sihitaji.

Jumapili, 26 Mei
Nimeona siku zangu. Nimeimba nikifua.
Jioni nilimwambia Amisi wazi: siku ya kunywa si siku ya kulala pamoja.
"Na nikilewa nikikuomba?"
"Nakufungia mulango, unalala na viatu vyako."
Alicheka sana. Kisha akasema sawa, na uso wake haukuwa wa mzaha. Nampenda.

Jumamosi, 17 Agosti
Wamaza, nyumbani kwetu. Juzi tulipimwa tena, wote wazima. Amisi amenisindikiza likizo, na baba amempandisha juu ya paa wabadilishe majani kabla mvua hazijarudi. Mama amelala kidogo. Mimi natwanga mpunga uani.
Sasa hivi baba ameita, "Mukwe, nipe kamba ile." Amisi amempa.
Nimejifanya sikusikia. Naendelea kutwanga.