Noti Kwenye Paji la Mpiga Gitaa

Columbia Heights, Minnesota
Agosti 2006

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama. Goti lake linaendeleaje? Mwambie aache kubeba ndoo, maji wachote hao wajukuu wanaomaliza ugali wake. Sisi huku wazima. Rehema wangu ametimiza miaka kumi na miwili na sasa ananipita kimo. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, nami nimechoka kugombana naye.

Ninaandika kwa sababu siku ile kadi ya simu ilikata kabla sijakujibu. Ulisema umemwambia kaka Elia alitoe gitaa lako juu ya kabati ampe yeyote anayelitaka, kwani muziki wenu umeshazikwa na vidole vyako vimezeeka. Baba, nakuomba, lisitoke hapo mpaka umalize kusoma barua hii.

Juzi Jumamosi rafiki yangu Wanjiru, Mkenya ninayefanya naye kazi hospitali, alitupeleka Lakeville kwenye onyesho la mchana. Hawa Wakenya sijui nani kawaroga, muziki wa Wazungu wenye kofia pana wanaujua kuliko Wazungu wenyewe. Alisema ni bendi ya roki ya watu wa kusini, kule Alabama na Georgia. Mimi nilikwenda kumridhisha tu, maana roki nilijua ni kelele. Tukakaa kwenye majani, jua linawaka, Rehema na nyaya za muziki wake masikioni, mimi na kanga yangu begani.

Wakapanda jukwaani wazee, Baba. Wazee kabisa! Ndevu nyeupe, vitambi, na magitaa matatu. Wakaimba taratibu beti mbili tatu, kisha mwimbaji akarudi nyuma, solo likachomoza, la pili likalifuata sambamba, rizimu linakatakata kwa nyuma. Nikakaa wima. Sebene! Wale watu walikuwa wameingia sebene, kama nyie mlivyokuwa mkiingia pale ukumbini, wewe umefumba macho. Machozi yalinitoka mbele za watu.

Na unajua sebene likikolea mtu aliyelelewa nyumbani kwako anafanya nini. Nikachomoa noti ya dola tano, nikajifunga kanga kiunoni, nikasimama.

"Wewe, unaenda wapi?" Wanjiru akanidaka mkono. "Huku hakuna mambo ya kutuza watu! Security watakutoa mbio, na mimi ndiye nime-drive, utaniaibisha bure."

"Mom, please, no," akasema Rehema, akajifunika uso.

Ule uso naujua, Baba. Ni wangu mimi, mwaka ule naingia kidato cha kwanza. Wenzangu walikuwa na baba walimu na mabwana shamba, nami kwenye fomu ya shule, penye kazi ya mzazi, nikaandika "karani". Niliona haya kuandika mpiga gitaa. Nilikuona ukiisoma ile fomu. Ukatia sahihi, ukanirudishia, ukaondoka kwenda mazoezini. Hatujawahi kulizungumza, na linaniuma hadi leo. Nisamehe.

Basi nikaenda nikicheza, mguu kwa mguu, kama Mama alivyonifundisha. Jukwaa lilikuwa la chini, lenye ngazi pembeni. Mlinzi mmoja, pande la mtu, akanijia, lakini yule mzee wa solo akamtikisia kichwa aniache. Shida ikawa kofia yake pana, imeziba paji lote la uso! Nikaisukuma nyuma kwa kidole, nikabandika noti kwenye jasho, ikashika. Mzee hakukosea hata mahali pamoja. Aliendelea kupiga na noti yake usoni, anacheka, watu wanapiga mbinja.

Wimbo ulipoisha akaibandua, akaichomeka kwenye kichwa cha gitaa, akanisogezea maiki.

"Mama, hii ndiyo nini?"

"Kwetu mpiga gitaa akikugusa moyo, unamtuza," nikasema. Kiingereza changu kilikuwa kinajikwaa.

"Nani kakufundisha?"

"Baba yangu."

"Naye anafanya kazi gani?"

Nikaishika ile maiki kwa mikono miwili. "Ni mpiga gitaa," nikasema. "Anapiga solo. Morogoro, Tanzania."

Mzee akavua kofia. Akawaambia watu wampigie makofi mwenzake wa Morogoro, na uwanja mzima ukasimama, Baba, kwa ajili yako. Sijawahi kujisikia fahari namna ile tangu nizaliwe. Hata Wanjiru alikuwa anapunga mikono, anawaambia majirani tumetoka wote Afrika Mashariki.

Garini Rehema alirudisha nyaya zake masikioni. Tulipokaribia nyumbani akatoa nyaya masikioni, akaniuliza, tena kwa Kiswahili, "Babu bado ana gitaa?"

Nikamjibu kwamba unalo. Baba, nilishasema uongo juu ya kazi yako mara moja. Tafadhali usinifanye niseme mara ya pili.

Nisalimie kaka Elia, na umwambie aliache kabati kama lilivyo. Nisalimie Shangazi wa Kihonda aliyenisuka nywele siku ya safari, na yule mzee jirani aliyekuwa akikupigia tumba. Mama mwambie nampigia magoti.

Ni mimi, binti wa mpiga gitaa,
Neema