Mamba Amerudia Urefu Wake

Kindu, Jumamosi jioni

Na mwenye atasema mimi ni muongo, aje anipime leo.

Feza, mutoto wa dada yangu, aliniomba habari ya mamba mwenye alinifuata wakati wa vita, nikivuka Lualaba kwa mutumbwi. Nikamwambia alikuwa murefu kama wago ya treni. Nilimupiga kasia kwenye pua, akaniomba radhi.

Bibi yangu, mama ya Zaina, akacheka mpaka sombe, majani yake ya muhogo, ikaungua motoni. “Baba Zaina, mwezi uliopita mamba huyo alikuwa kijiti tu kinachoelea. Hapo njo nilijua unagonjwa.”

Ni kweli. Huzuni ilinikalia hata kutunga uongo kukanishinda. Vidonge vya huzuni peke yake havikunisaidia sana. Munganga wa hospitali akagusa magoti yangu yenye kuvimba, akasema kwa watu fulani uvimbe wa mwili unalemeza hata roho, basi tutibu yote mawili.

Sasa nameza dawa ya magoti pia na roho imekuwa nyepesi, ila asubuhi bado yanawaka kidogo. Naogopa huzuni isirudi nayo.

Lakini leo Feza aliuliza, “Mjomba, kweli kama wago nzima?”

Nikamujibu: nzima, bila kuhesabu mukia.