Kuku Ndani ya Mashine

Songambele, Kyerwa

Baba Dusabe,

Huku ni vigelegele tu: mdogo wako Uwiduhaye ameolewa! Mashine yako ya kusaga imenyamaza tangu kodi ilipopandisha bei ya dizeli, hivyo mtama wa pombe ya harusi tuliusaga kwa jiwe. Mama yako aliimba, majirani wakaja kusaidia, na pombe hiyo, rubisi yetu ya ndizi na mtama, ikatoka kali mpaka padri akaomba ya kubeba.

Walipokuulizia, nikasema uko mgodini, ambako dizeli imesamehewa kodi na kazi ipo. Mjomba akasema, “Basi na shamba langu la migomba tuliite mgodi!” Wakacheka. Mimi nikaingia jikoni, nikafuta macho nikisingizia moshi.

Njoo hata kabla nasi hatujasamehewa kodi. Kuku wa mama anaatamia ndani ya mashine yako. Mbali na mgodi wenu, ni yeye tu asiyetozwa kodi.

Mkeo mwenye hamu nawe,
Nyirabageni